Taya la Mwenyekiti

Tonge la tatu ndilo lililokwama. Mwalimu Abdulaziz alikuwa amekwisha kumeza mawili, wali wa nazi na pweza, akitafuna kwa bidii ya mtu anayetaka aonekane anafurahia. Alipolileta la tatu, mdomo haukufunguka. Kitu kililia ndani ya shavu la kulia, tak, kama kijiti kikavu kilichokanyagwa, na msuli wa taya ukajikunja ukawa mgumu kama fundo la kamba. Tonge likagonga meno, wali ukamwagikia kanzu ya Ijumaa.

"Baba Luqman?" mkewe, Bi Twaiba, aliuliza. "Wanichezea?"

Mwalimu akatikisa kichwa. Alikuwa ameshika mashavu kwa viganja viwili na jasho limeanza kumtoka kwenye paji la uso.

"Mmm," alisema.

"Mmm nini?"

"Mmm-mm."

Miaka thelathini na miwili ya ndoa haikumwandaa Bi Twaiba kwa siku ambayo mumewe angekosa la kusema. Mwalimu alikuwa amestaafu kufundisha lakini hakustaafu kusema. Pale Kinondo ndiye aliyekuwa msemaji wa posa, wa mazishi na wa ugomvi wa mipaka ya mashamba. Tangu mwaka jana ndiye pia mwenyekiti wa kamati ya kupiga vita muguka, yale majani ambayo vijana huyatafuna kutwa kucha mpaka mashavu yakawavimba na usingizi ukawakimbia.

Macho yakageuka. Ya Bi Twaiba yalitangulia, kisha ya Luqman, mwana wao, aliyekuwa amepata ruhusa ya Ijumaa kutoka jikoni kwenye hoteli moja ya Diani. Yote yakaishia kwa Judy, mke wa Luqman, aliyesimama mlangoni na bakuli la mchuzi.

Judy alikuwa na miezi mitano katika nyumba hiyo. Alizaliwa na kulelewa Nyahururu, ambako pweza huonekana kwenye kitabu cha sayansi tu. Aliposilimu alipewa jina la Hanifa, na mama mkwe wake aliyatumia majina yote mawili: Hanifa siku njema, Judy siku mbaya. Siku hiyo ilikuwa imeanza kwa Hanifa.

"Judy," Bi Twaiba alisema. "Pweza huyu ulimpiga?"

"Nilimpiga, Mama."

"Mara ngapi?"

"Kama kumi hivi."

"Kumi! Pweza hapigwi kumi, mwanangu. Pweza hupigwa mpaka atubu."

"Lakini si niliweka papai bichi? Aki Mama, kwa simu walisema papai inatosha."

"Kwa simu," Bi Twaiba alirudia polepole, akimtazama mumewe aliyekuwa akijaribu kuingiza kidole katikati ya meno. "Haya. Basi simu imemfunga baba mkwe wako mdomo."

Luqman alifungua kinywa amtetee mkewe, akamwona mamake, akakifunga. Saa tisa alitakiwa kazini. Aliondoka akisema atapiga simu.

Bi Mwanakombo, jirani wa nyuma, aliingia bila hodi. Ukuta wake wa makuti haukuwahi kuzuia neno lolote lisimfikie. Alimwinamia mgonjwa, akamtazama mdomo, akamtazama miguu, akaona kitambaa kwenye kisigino.

"Hiki ni nini?"

"Alikanyaga msumari Jumanne, akitengeneza banda la kuku," Bi Twaiba alijibu.

"Subhanallah! Hiyo ni pepopunda. Huanza hivyo hivyo, taya kwanza, kisha shingo, kisha mgongo wajipinda kama upinde. Mjomba wangu hakufika siku ya tatu."

Judy, aliyekuwa ameketi na aibu yake kizingitini, alisimama. "Kama ni msumari, basi si pweza," alisema, na sauti yake ilibeba tumaini kidogo. Mara moja akajisikia vibaya kwa kumtakia mzee ugonjwa wa kuua ili mchuzi wake utakasike.

"Ita tuktuk," Bi Twaiba alisema.

Njia ya kwenda zahanati ilikuwa ndefu kwa mtu mwenye heshima. Watu waliotoka swala ya Ijumaa walikuwa bado wamejaa njiani, na kila mmoja alimjua Mwalimu.

"Assalaam alaykum, Mwalimu!"

"Mm-mm-kum mmm-laam," Mwalimu alijibu kupitia meno.

Mzee mmoja muuza ndizi alisimama katikati ya njia, ameudhika waziwazi. "Siku hizi hata salamu anazibana," alimwambia mwenzake, kwa sauti ambayo tuktuk nzima iliisikia. Mwalimu akainamisha kofia usoni. Upande mmoja mkewe alikuwa akisoma dua, upande wa pili Judy alikuwa akifuta machozi kwa ncha ya mtandio, na kila tuktuk iliporuka kwenye shimo Mwalimu alipiga yowe dogo la puani.

Zahanati ilikuwa na daktari mmoja, msichana wa miaka ishirini na kitu, stethoskopu shingoni na ndara miguuni. Alipomwona mgonjwa, uso ulimchangamka.

"Shikamoo, Mwalimu. Umenisahau? Mimi ni Kadzo, wa darasa la sita. Ulinichapa viboko vinne kwa kutafuna chingamu darasani."

Mwalimu alimkumbuka vizuri. Alikumbuka hata hotuba aliyoitoa siku hiyo, juu ya binadamu na ng'ombe.

Kadzo alifanya kazi yake bila haraka. Alimpima joto. Alimwinamisha shingo mbele na nyuma, ikainama. Alimpapasa tumbo, likawa laini. Alimnywesha maji kwa mrija, yakapita. Kisha akambonyeza mashavu, na alipofika mbele ya sikio la kulia Mwalimu akaruka kitini.

"Si pepopunda," alisema. "Kwa ajili ya huo msumari nitamchoma sindano ya kinga, maana hakumbuki ya mwisho ilikuwa lini. Lakini hili ni msuli tu. Mnajua mguu unavyobanwa mtu akiogelea? Basi huu ni msuli wa kutafunia. Umechoshwa, ukakaza, umekataa kuachia."

"Umechoshwa na nini?" Bi Twaiba aliuliza.

"Mambo mengi, Mama. Kuna anayesaga meno akilala. Kuna anayeyauma mchana kutwa kwa mawazo na hajui. Wengine ni kupiga miayo mikubwa. Na kuna kutafuna vitu vigumu."

"Pweza," Bi Twaiba alisema, na hakumtazama Judy, jambo ambalo lilikuwa baya kuliko kumtazama.

"Pweza wa mlo mmoja?" Kadzo alikunja uso. "Pweza anaweza kuimaliza kazi, Mama. Kuianza peke yake hawezi. Hebu nisubirini hapo nje, nimchome sindano."

Walipotoka, Kadzo aliwasha tochi na kumulika kwenye ule mwanya mwembamba wa meno. Alimulika muda mrefu kidogo.

"Mwalimu," alisema kwa sauti ya chini. "Nyuma ya gego kuna kijani."

Mwalimu aliitazama picha ya mama anayenyonyesha iliyobandikwa ukutani kana kwamba hakuwahi kuona picha.

"Tangu lini?"

Akanyoosha vidole viwili.

"Miezi?"

Akatikisa kichwa kukataa.

"Miaka miwili, Mwalimu!"

"Usingizi, mwanangu," Mwalimu alisema kupitia meno, kila neno likitoka limebanwa kama nguo mlangoni. "Nalinda nyumba za wageni, Galu. Usiku mzima. Mwenye nyumba ameweka kamera. Nikisinzia aniona huko huko kwao Ulaya, apiga simu. Nilionja siku moja tu."

"Na ile kamati?"

Mwalimu alirudisha macho kwenye ile picha ya ukutani. Kadzo alimchoma sindano, akabandika pamba, akakaa kitako mbele yake kama mwalimu mbele ya mwanafunzi aliyeibia mtihani.

"Sitamwambia mtu. Siri ya mgonjwa ni amana. Lakini yule mkweo aliye kwenye benchi analia, na mimi siwezi kumsafisha bila kukutaja wewe. Hilo ni lako."

Akawaita wanawake na kuwapa maagizo. Kitambaa cha maji ya moto, si ya kuchoma, kiwekwe shavuni robo saa, mara nne au tano kwa siku. Baada ya hapo akandwe kwa vidole taratibu, kwa mzunguko, kutoka mbele ya sikio kushuka. Ale vyakula laini wiki nzima. Akipiga miayo ashike kidevu kwa ngumi. "Na awe anajikumbusha: midomo ifungwe, meno yaachane. Meno hukutana wakati wa kula tu. Dawa ya maumivu ni hii, ameze baada ya chakula. Akipata homa, au shingo ikikakamaa, au wiki ikiisha bila nafuu, mrudisheni mbio." Alisita. "Na asitafune kitu. Chochote."

Mwalimu alitikisa kichwa kukubali, mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Nyumbani, Bi Twaiba aligeuka muuguzi mwenye furaha. Alichemsha maji, akakamua kitambaa, akamlaza mumewe kwenye mkeka na kichwa mapajani mwake. Vidole vyake, vilivyozoea kukanda unga, viliupata ule msuli na kuusaga polepole mpaka Mwalimu akafumba macho.

"Leo nami nina darasa," alisema. "Mwanafunzi mmoja, na hawezi kunijibu. Nianze na habari ya mlango wa choo ulioahidi kuutengeneza kabla ya Ramadhani, au nianze na dada yako?"

"Mmm," Mwalimu alisema.

"Vyema. Tuanze na dada yako."

Lakini nyumba haikuwa na furaha kote. Jikoni, Judy alikuwa amesaga ndizi mbichi na tui mpaka zikawa laini kama uji wa mtoto. Alipozileta, Bi Twaiba alizipokea, akazikoroga, akaziweka chini.

"Ahsante, mwanangu. Lakini Bi Mwanakombo ameshaleta uji wa mchele. Wewe pumzika, usije ukamfunga na macho."

Alilisema kwa kucheka, na alidhani Judy atacheka. Siku ya pili jirani mwingine alileta bokoboko, na wa tatu akaleta supu, kila mmoja akisema kwa upole kwamba mgonjwa yafaa ale chakula cha mtu anayemjua. Jumamosi bombani, Judy alikuta wanawake watatu na ndoo zao. Walinyamaza alipofika. Alipokuwa akiondoka mmoja alisema, "Yule ndiye wa pweza," na mwingine akauliza kama huko bara hutafuna mawe. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wanapoteza wakati, nao maji yalikuwa yanatoka kwa uchache.

Jioni hiyo Mwalimu alikuwa amelala chumbani na kitambaa cha moto shavuni. Dirisha lilikuwa wazi, na nje yake Judy alikuwa akizungumza na mumewe kwa simu.

"Sijasema naacha ndoa, Luqman. Nasema naenda kwetu kidogo. Mamako hataki nishike hata sufuria. Leo kuna mtoto ameniita Pweza, kwa barabara... Hapana, usimwambie kitu, utafanya ikuwe mbaya zaidi. Jumatatu asubuhi. Nguo nishaweka kwa begi."

Taya la Mwalimu likakaza upya. Alihisi meno yakikutana yenyewe, gego kwa gego, kama yamevutwa na kamba. Akajikumbusha: midomo ifungwe, meno yaachane. Meno hayakutaka kuachana. Kila alipomfikiria yule msichana na begi lake, msuli ulijivuta tena, na kitambaa cha moto kikawa hakina kazi.

Jumapili baada ya swala ya alasiri, kamati ilikuja kumjulia hali mwenyekiti wake. Walikuwa watu wanne, wakiongozwa na katibu, Alamin, fundi cherehani mwenye miwani na sauti nzuri ya kusoma. Alikuja na ile karatasi ya majina: wakazi mia moja na sita waliotia sahihi kwamba kibanda cha muguka cha njia panda kifungwe. Jina la kwanza lilikuwa la Mwalimu, kwa mwandiko wa kupendeza.

Walikalia mkeka barazani. Bi Twaiba alikaa ndani ya mlango, nusu ndani nusu nje, mahali ambapo husikia yote.

"Tumesikitika, mwenyekiti," Alamin alisema. "Mtu amepigana na muguka mwaka mzima, akaja kuangushwa na pweza!"

Wakacheka wote.

"Labda tuongeze kifungu," mwingine akasema. "Muguka marufuku, na pweza wa kutoka Nyahururu marufuku!"

Wakati huo Judy alikuwa ametokea na sinia la chai. Aliliweka chini bila kumwaga tone. Vikombe tu ndivyo vilivyogongana, na alipoinuka hakumtazama mtu. Kicheko kikafifia, lakini hakuna aliyesema samahani.

"Si pweza," Mwalimu alisema.

"Asema nini?" mzee mmoja asiyesikia vizuri aliuliza.

"Asema pweza," Alamin alimfafanulia.

"Si... pweza!"

"Tumeelewa, mwenyekiti. Pweza. Usijisumbue."

Mwalimu akapiga mkeka kwa kiganja. Alinyoosha mkono, akachukua ile karatasi ya majina, akaigeuza nyuma, akachukua kalamu kutoka mfuko wa Alamin. Judy alikuwa ameshafika mlangoni. Mwalimu akamwashiria asimame. Kisha akaandika. Aliandika mistari minne, akatia nukta, akaitazama kama anayesahihisha insha, akamkabidhi katibu.

Alamin alirekebisha miwani na kusoma kwa ile sauti yake nzuri, kwa kuwa alidhani ni shukrani.

"'Pweza wa Hanifa hana kosa. Taya limefungwa na muguka. Nautafuna mimi, Abdulaziz, kila usiku kazini...'" Sauti ilianza kupungua. "'...huu mwaka wa pili. Daktari ameuona mdomoni mwangu, nikamwacha mtoto wa watu aadhirike kwa ajili yangu.'"

Mzee asiyesikia vizuri aliuliza nini kimesomwa, na hakuna aliyetaka kumwambia. Alamin aliigeuza karatasi, akaliona lile jina la kwanza, akaigeuza tena upesi.

Sauti ya kwanza kutoka ilikuwa ya Bi Twaiba, na ilitoka ndani.

"Yale majani mfukoni!" alisema. "Kila nikifua suruali! Uliniambia ni ya sungura wa Mzungu!"

"Mmm," Mwalimu alisema.

"Miaka miwili nawaombea dua sungura wasiokuwepo!"

Mmoja wa wanakamati akakohoa. Kilikuwa kikohozi cha mtu anayezuia kitu kingine, na hakukiweza. Bega lake likaanza kutikisika, la jirani yake likafuata, na Judy, pale mlangoni, alifunika uso kwa mtandio na haikujulikana kwa muda kama alikuwa akicheka au akilia. Yalikuwa yote mawili.

Mwalimu aliinuka, akasimama mbele yake kwa umbali unaofaa baina ya mkwe na mkwe. "Nisamehe, mwanangu," alisema, na kwa ajili ya neno hilo alijitahidi kuufungua mdomo mpaka maumivu yakamtoa machozi.

"Baba, polepole," Judy alisema. "Daktari alisema usifungue sana."

Kamati iliondoka mapema. Chai ya vikombe vitatu haikunywewa. Alamin alisema suala la uwenyekiti litazungumzwa, akasema pia Mungu ni mwingi wa kusamehe, akaikunja karatasi kwa uangalifu sana kwa sababu hakujua aifanye nini.

Bi Twaiba hakuwa mtu wa kuomba radhi kwa maneno mengi. Alimfuata Judy jikoni, akakaa kwenye kibao cha mbuzi, akaanza kukuna nazi ambayo hakuna aliyeihitaji.

"Mimi nilipoolewa," alisema bila kuinua macho, "niliunguza maandazi ya Idi. Mama yake Abdulaziz aliyahifadhi mawili kwenye kopo awaonyeshe wageni. Nikajiapia sitamfanyia mkwe wangu hivyo." Alikuna kidogo. "Nimefanya. Begi lako nimeliona. Ukitaka kwenda kuwaona wazazi wako nenda, ni haki yako. Lakini usiende kwa hasira, mwanangu. Na kesho hao wa bombani nitawaendea mwenyewe."

"Mama, usigombane na watu."

"Sigombani. Nitawasalimu tu. Nitawasalimu kwa sauti."

Judy alimwambia mama mkwe ainuke, akakivuta kile kibao, akaikuna yeye nazi iliyobaki. Jumatatu asubuhi mtu wa tuktuk alipopiga honi, aliambiwa arudi siku nyingine.

Jumatano Mwalimu alitoka nyumbani kwa miguu. Mdomo sasa ulikuwa ukipokea vidole viwili, na kidogo zaidi asubuhi baada ya kukandwa. Alikuwa amekwisha kuzungumza na mwenye nyumba za Galu, akaomba kazi ya bustani ya mchana badala ya ulinzi. Mshahara ulikuwa mdogo zaidi, na Bi Twaiba alikuwa amesema watakula mchicha.

Njia ilimpitisha mbele ya kibanda cha njia panda, kwa sababu njia nyingine haikuwepo. Vijana watano walikuwa kwenye benchi, mashavu yamejaa, na Chome, mwenye kibanda, alikuwa akifunga mafungu kwa majani ya mgomba. Habari ilikuwa imeshafika, tena mapema. Mwalimu alijiandaa kwa kicheko. Badala yake vijana walisogeleana, nafasi ya mtu mmoja ikatokea katikati ya benchi.

"Karibu, mwenyekiti," Chome alisema, na adabu yake ilichoma kuliko kicheko.

Mwalimu angeweza kupita. Alisimama kidogo juani, kisha akaenda akakaa.

"Taya laendeleaje, Mwalimu?" kijana mmoja aliuliza. Alikuwa mwembamba, aliwahi kuwa darasani mwake, na maneno yake yalitoka kwa kujikunja.

"Lafunguka. Na wewe mbona wasema hivyo?"

Kijana akatazama chini. Akafungua mdomo kadiri alivyoweza, akaingiza kidole kimoja. Cha pili hakikupita. "Mwezi wa tatu sasa," alisema. "Asubuhi ndiyo mbaya. Nyumbani hawajui."

"Mimi pia hukaza," wa pembeni yake akasema, kana kwamba alikuwa akingoja mtu aanze.

Mwalimu alimtazama Chome. "Una birika la maji ya moto humo?"

"Lipo, la chai."

"Lilete. Na kitambaa safi." Akamgeukia yule mwembamba. "Tema kwanza."

Kijana akasita, akamtazama Chome, ambaye naye alikuwa akimtazama Mwalimu, mkono umesimama juu ya fungu lililofunguliwa nusu. Hakuna aliyetoa hotuba. Mwalimu alikuwa nazo nyingi, na hakutumia hata moja. Alikunja mikono ya kanzu, akangoja, kama alivyokuwa akingoja darasa litulie.

Kijana akageuka upande akatema, na Chome akaliacha fungu akaleta birika na kitambaa.

"Haya," Mwalimu alisema, akimwekea kitambaa shavuni. "Midomo funga. Meno yaachane. Hapo. Usiyaume tena."

Wale wengine wanne wakafunga midomo pamoja naye, kujaribu, na benchi lote likakaa kimya, meno hayagusani.